Draiva Niliyoiweka Bila Kuombwa

Dada yangu anahariri video za harusi na misiba pale Bunda. Kompyuta yake inatumia mfumo wa Linux kwa sababu mimi ndiye niliyemwekea. Baba alipozikwa Butiama, mama alikuwa amelazwa Musoma, hakumzika mumewe. Dada alirekodi mazishi yote. Mpango ulikuwa tuyaonyeshe baada ya misa ya kumbukumbu, mama akiwa amekaa na shangazi yetu wa Ukerewe.

Siku iliyotangulia misa nilifika Bunda, nikakuta dada ameenda sokoni. Video yake ilikuwa inakwamakwama, nikaona nimsaidie. Nikapakua draiva mpya, programu inayoendesha kadi ya picha, nikaanza kuisakinisha. Katikati ikagoma. Nikaizima mashine na kuiwasha tena, skrini ikabaki nyeusi.

Dada akarudi na sato mkononi.

"Mbona umeizima?"

"Sijaizima. Nimeweka draiva, imeharibu."

"Nani alikuomba?"

Nikabonyeza tena kitufe cha kuwashia.

"Ilikuwaga polepole," akasema, "lakini ilikuwaga inafanya kazi."

Akaenda kuparua samaki. Afadhali angenifokea.

Niliingia kwa njia ya maandishi matupu, bila picha yoyote, nikasoma ujumbe wa makosa. Draiva ya zamani sikuwa nimeiondoa, kwa hiyo zilikuwa zinagongana. Tena, kiini cha mfumo kilikuwa kimesasishwa, lakini faili zake ambazo draiva mpya huzihitaji hazikuwepo. Zilitakiwa kupakuliwa, na mtandao siku hiyo ulikuwa unakuja na kupotea. Kuhamishia video kwenye mashine nyingine kusingesaidia, maana ilikuwa bado vipande vipande, haijaunganishwa.

Misa ikafanyika hapo Bunda, watu wakala, wakaondoka. Shangazi aliiulizia video. Dada akamwambia kompyuta ina hitilafu, hakunitaja. Mimi nilikuwa nagawa soda, nikaendelea kugawa. Kesho yake shangazi alipanda kivuko cha Kisorya, akarudi kwake.

Mtandao ulipotulia niliondoa mabaki yote ya draiva, nikapakua faili zilizokosekana, nikasakinisha upya. Ikakubali. Video ikacheza vizuri kuliko mwanzo, na hilo halikunifurahisha hata kidogo.

Dada alipomaliza kuihariri tuliipeleka Musoma, mtaa wa Iringo, kwa mama. Aliitazama akiwa kitandani, kompyuta juu ya mapaja yake. Ilipofika mahali shangazi anapiga magoti kando ya kaburi, akaweka kidole kwenye skrini.

"Tukitazama hapa ndipo nilitaka niwe nimemshika wifi mkono," akasema.

"Mama, ni mimi niliyeiharibu kompyuta kabla ya misa," nikamwambia.

"Dada yako hakuniambia hivyo."

"Alinifichia."

Akanitazama, kisha akarudisha macho kwenye video. Dada akamrekebishia mto mgongoni.

"Rudisha nyuma kidogo," mama akasema. "Sijamwona vizuri."

Nikairudisha.