Mume Wangu Anataka Tukapumzike Kipini, Mji Niliotoroka

Mwalimu, nimesikia kwamba kila Ijumaa baada ya sala unawasomea watu barua za wenye shida, na hujawahi kumtaja mtu jina. Usianze na mimi. Waambie tu ni mwanamke wa mtoni, upande wa Garsen, mwenye miaka kama thelathini na mitatu, mume mmoja na watoto wawili: binti wa miaka kumi na minne na mvulana wa miaka sita. Aliyeniandikia ni msafiri asiyenijua, naye ndiye atakayeniletea majibu yenu. Kijiji chenu kiko mbali na chetu, ndiyo maana nimethubutu.

Mwaka huu mpunga umekubali, na mume wangu akaja na jambo lake. Akasema tumelima mpaka migongo imepinda, sasa tushuke na mtumbwi hadi Kipini, tukae siku kumi kwa rafiki yake anayeleta nguo huku kwetu, watoto waione bahari. Tangu siku hiyo nyumba haikaliki kwa furaha. Mdogo ametafuta kibuyu cha kuletea maji ya bahari, maana wenzake hawaamini kwamba yana chumvi. Dada yake anasuka nywele asubuhi, jioni anazifumua, mtindo haujampendeza. Mimi, neno Kipini likitajwa, natafuta kazi ya nje.

Niseme sasa, maana sijawahi kulisema. Nilizaliwa Kipini, na sikuzaliwa muungwana. Mama yangu alikuwa mtumwa, mpishi katika nyumba ya watu, nami nikawa mtumwa tangu tumboni. Mama alipokufa, nilitumwa shambani kupalilia, nikaacha jembe pale pale na kufuata mto kwenda juu. Nilitembea siku nyingi nikila ndizi za watu. Mzee mmoja, mtoro kama mimi, alinipokea na kuwaambia wanakijiji kwamba mimi ni mtoto wa dada yake. Yeye ndiye aliyeniozesha. Alifariki zamani, Mungu amrehemu, na siri hii nimebaki nayo peke yangu.

Najua mtasema, miaka imepita, nani atanikumbuka? Sikilizeni basi. Huyo rafiki wa mume wangu alipokuja mara ya mwisho alituletea nazi na mbuzi ya kukunia. Hapa kwetu wanawake huizunguka mbuzi wakiicheka, hawajui waikalie vipi. Mimi mpumbavu nilikaa, nikakuna nazi mbili, nikachuja tui, huku nikizungumza na binti yangu. Mikono ilikwenda yenyewe. Mume wangu alicheka akasema, "Mwaona mke wangu, hashindwi na kitu." Mgeni hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Shemeji, kazi hii umeyuwa wapi?" Nikasema nimewahi kuona kwa wapita njia. Akanitazama kitambo, kisha akamgeukia mume wangu na kumwambia, "Msikose kuja. Na watoto muwalete."

Na watoto muwalete. Labda ni ukarimu tu, mtu wa watu huyo, hajawahi kutukosea. Lakini mimi nayajua ya kule. Mtoto humfuata mama. Baba awe muungwana wa ukoo gani, ikiwa mama ana mwenyewe, na mtoto ana mwenyewe. Binti yangu ana umri wa kuwekwa ndani awe suria wa mtu mzima bila hata kuulizwa. Nikilifikiria hilo naangusha vyombo, na naambiwa nimezeeka.

Nimejaribu visingizio vyote. Nilisema mamba ni wengi, mume wangu akasema mamba hawakuzaliwa mwaka huu. Nilisema mguu unaniuma, akasema mtumbwini hakuna atakayenitembeza. Nilisema waende wao nibaki, binti yangu akaninunia siku mbili, hasemi nami, sahani yangu anaisukuma kwa kidole. Kumwambia baba yao ukweli nakuogopa kuliko mamba. Si mtu mbaya, ila nimemsikia kwa masikio yangu akisema kwamba mtoro ni mbwa aliyekata kamba, kipande bado kiko shingoni. Alisema hayo akila wali nilioupika mimi.

Wengine wanasema Wazungu wametoa amri na utumwa umekwisha. Wengine wanasema amri imekaa kwenye karatasi, na watu wangali katika nyumba zile zile. Nani atanihakikishia? Niwapeleke watoto wangu wakawe jibu?

Jana mume wangu aliwakalisha watoto awafundishe adabu za pwani. Akawaambia, "Watu wa kule hupenda kumuuliza mtoto, wewe wa nani? Usisimame kama kisiki, jibu." Binti akataja jina la baba yake na ukoo wake vizuri, kichwa juu. Akaulizwa mdogo. Akasema, "Mimi wa mama." Baba yake akacheka, akamrekebisha, akamuuliza tena. "Wa mama." Wote wakacheka mpaka machozi. Mimi nilitoka nje nikaanza kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Mwezi ukiandama tunaondoka, zimebaki siku tano. Nikisema, huenda nisiwe na mume. Nikinyamaza, nitakuwa nimewashusha watoto mtoni mimi mwenyewe. Enyi mnaosomewa barua hii, wenye mama na wenye watoto, nielekezeni: nifumbue mdomo au niufunge? Na kule Kipini, mwanangu akiulizwa ni wa nani, nimfundishe aseme nini?