Ask, Beg na Hodi ya Mikelenge

Asubuhi ile niliondoka Kibombo kwa sababu ya filimbi tu. Nilikuwa nanawa uso nyuma ya nyumba, treni ya mizigo ikalia kituoni, nikaona miguu inataka kwenda. Shule nilikwisha kuiacha mwaka wa tatu. Baba alikuwa mlangoni anasuka kikapu. Hakunizuia, alisema tu:

"Nenda. Utaishia kuomba kwenye milango ya watu."

Fimbo ingeniuma kidogo kuliko maneno hayo. Nikajiapia kwamba sitaomba kitu kwa mtu yeyote.

Kituoni walihitaji mikono ya kupakia kuni za injini. Nikapakia, na mchochea moto akaniruhusu kupanda juu ya lundo. Alikuwa mtu wa makamo, nyusi zimeungua, na zamani aliwapikia Waingereza kule Rodezia. Mimi nikikutana na mtu anayejua lugha nyingine siwezi kunyamaza. Nikamuuliza Kiingereza cha maji, cha moto, cha kuni, mpaka nikafika kwenye neno lililonichoma.

"Na kuomba, wanasemaje?"

"Wako na maneno mawili. Ask, halafu beg."

"Si kitu kimoja?"

"Hapana, mudogo." Akatupa gogo motoni. "Bibi wa Kizungu akikosa chumvi, kwa jirani ana-ask. Neno lile lile analitumia kuuliza saa. Anasimama wima, jirani anasema ndiyo au anasema hapana, hakuna aliyepungua. Kipofu wa sokoni, yeye ana-beg. Anainamisha shingo kwanza."

"Kwa hiyo beg ni ya maskini."

"Ngoja. Bwana mkubwa akimkanyaga mwenzake mguu, anasema I beg your pardon. Hapo shingo haiinami hata kidogo."

"Wewe alikukanyaga mara ngapi?"

"Mimi? Nyingi. Lakini hiyo beg alikuwa anawapa Wazungu wenzake." Akacheka mpaka akakohoa moshi.

Tulifika Kindu alasiri, wingu jeusi limesimama juu ya mto Lualaba. Sikuwa na ndugu pale. Nikapita mtaa wa Kasuku, nikaingia ule wa Mikelenge, nikizipita nyumba moja baada ya nyingine, kwa sababu kila mlango ulinikumbusha sauti ya baba. Nikaamua: nita-ask. Nikanyoosha shingo, nikaingia kwenye kiwanja ambamo mama mmoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, nataka mahali pa kulala. Unaweza kusema ndiyo, unaweza kusema hapana."

Mchi ukabaki hewani.

"Baba watoto!" akaita. "Kuja uone komanda mupya!"

"Anataka nini?" sauti ya mume ikauliza kutoka ndani.

"Najua mimi? Hakupiga hodi, hakusalimia, amesimama kama muntu anapima kiwanja." Akanigeukia. "Mwanangu, kwenu hakuna hodi?"

Masikio yaliniwaka moto. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Ningeweza kuondoka na shingo yangu, nikalowa nayo. Nikarudi mpaka njiani, nikasimama pale pasipo hata uzio.

"Hodi hapa."

"Karibu," akajibu, kana kwamba hajaniona maishani.

Akanisogezea kigoda chini ya ukingo wa paa. Habari ya njia? Nzuri. Treni haikukwama? Haikukwama. Mama muzima? Mzima. Na baba?

"Mzima," nikasema, na nikajikuta natamani sana iwe kweli, na vidole vyake visichoke na kile kikapu.

Mume akatoka, akanipa mkono, akauliza mambo yale yale upya, na mimi nikayajibu upya. Hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mvua. Nilikuwa bado natafuta neno la kusema, lipi kati ya yale mawili, mama aliponitangulia.

"Na leo unalala wapi?"

"Sijui, mama."

"Anajua kuamuru, hajui kulala," akamwambia mumewe. Akanikabidhi mchi. "Maliza hii sombe. Naenda kukutandikia mukeka pale kwa magunia ya mupunga. Panya wako humo, lakini hawapigi hodi, kama wewe."

Nikatwanga. Mvua ilipozidi, yule baba alisogeza kigoda chake ili niingie na kinu zaidi ndani, chini ya paa.