Chota, Changanyia Kando

Mzizi ule wa rangi ukichemka unanuka kama chuma kilichonyeshewa, halafu nyuma yake unakuja utamu kidogo, kama muhogo unaotaka kuungua. Harufu hiyo ilikaa nyumbani kwetu Munanila kiangazi kizima, kwenye nywele, kwenye uji, mpaka mbuzi wakawa wanapiga chafya. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, nani alihesabu? Meno ya mbele yalikuwa yameshaota, basi. Kiangazi hicho dada yangu Kolotilda alikuwa anakwenda kuolewa Kibondo, na binti wa kwetu alikuwa haendi kwa watu mikono mitupu. Anakwenda na vikapu sita vyenye mifuniko, alivyosuka mwenyewe, vyote wekundu mmoja. Mama mkwe anavipanga ukutani, anaviangalia kwa jicho moja lililofumbwa nusu, na hapo ndipo anajua ameletewa mtu wa namna gani.

Rangi ilikuwa mikononi mwa shangazi yetu, dada yake baba. Mwembamba, sauti inatokea puani kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu, na mimi nilikuwa namuiga mpaka watoto wenzangu wanajikojolea. Alikuwa na chungu kimoja tu cha rangi nyekundu, akakiita Mama. Chungu hicho kilikuwa hakimalizwi. Ukitumia, unabakiza machicha chini, unaongeza mzizi na maji, ili wekundu wa mwaka huu uwe ndugu na wa mwaka jana. Kikapu cha mtu kikitoboka baada ya miaka mitano, anakuja kuchovya ukindu kwenye chungu kile kile, na kiraka hakionekani. Ukitaka rangi nzito, ile ya maini, unachota kidogo kwenye kibuyu chako na majivu unayatia huko huko. Unataka inayong'aa, unachota tena, unakamulia limau. Rangi zote zilikuwa watoto wa chungu kimoja, lakini kila mtoto anazaliwa nje. "Chota, changanyia kando," shangazi anasema na pua yake. "Mama hatiwi kitu."

Mimi nilikuwa na kikapu changu cha kuchezea, kidogo kama kiota, nataka kukitia mstari wa maini. Kibuyu changu kilikuwa kimevunjika juzi yake na sikumwambia mtu. Shangazi ameshuka bondeni kuchota maji. Nikajisemea, chungu ni kikubwa, majivu ni kiganja kimoja, nani ataona? Nikatia. Hapakutokea kitu. Nikaongeza kiganja cha pili. Wekundu ukageuka polepole, kama uso wa mtu anayesikia habari za msiba, ukawa maini. Nikachovya ukindu wangu, nikaona umependeza, nikasuka mstari wangu, nikaenda zangu kucheza.

Kolotilda alikuwa amemaliza vikapu vitatu. Akaja kuchovya ukindu wa vile vitatu vilivyobaki, akautoa, akauinua juani, ni maini. Mzizi ulikuwa unachimbwa mbali, unachemshwa siku nne, na wakwe walikuwa wanakuja baada ya siku tatu. Akatazama huku na huku, akakiona kikapu changu na mstari wake mpya juu ya kizingiti. Akakiokota, akakisukuma ndani ya moto. Sijalia bado, shangazi huyo, mtungi kichwani. "Nani ametia majivu kwa Mama?" Na dada yangu, bila hata kunitazama: "Ni mimi, shangazi. Nilitaka viwe vya namna mbili." Alipigwa yeye. Bibi harusi, siku tatu kabla, anapigwa kwa ukuni kwa ajili yangu, na mimi nimesimama pale nanyonya kidole.

Akaenda Kibondo na vikapu vitatu vyekundu na vitatu vya maini. Mama mkwe wake, mwanamke mnene wa sauti ya ngoma, akavipanga, akafumba jicho lake. "Eee! Tumeoa mmoja au tumeoa wawili? Huyu wa vyekundu na huyu wa maini, yupi anajua kupika?" Watu wakacheka, na jina likabaki hapo hapo. Wawili. Wawili njoo ukoke moto, Wawili umelala mpaka saa hizi. Alizaa watoto saba akiitwa Wawili, akazeeka akiitwa Wawili. Nilipokuwa naenda kumsalimia nawaiga wote pale nyumbani, mkwe, shemeji, mpaka jogoo wao, naye anacheka anashika ubavu. Hakuniambia hata siku moja, "unakumbuka?" Mimi nami sikusema samahani. Nilikuwa na sauti za watu wote, ya kusema neno hilo sikuwa nayo. Alipofariki, binti yake aliniletea vikapu viwili, chekundu kimoja na cha maini kimoja. "Mama alisema hivi ni vya mama mdogo." Nje vimefubaa, lakini ukifunua mfuniko, ndani rangi imekaa kama jana.

Sasa mjukuu wangu Anisia, ninayekaa naye hapa Kasulu, anafanya kazi ya katuni za kutembea kwenye kompyuta. Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza moja ya kuwafundisha watu wa kambini Nyarugusu kunawa mikono, na mimi waliniita kutia sauti. Bibi, mbuzi, nesi, wote ni mimi. Humo kwenye katuni kulikuwa na msichana, alihitaji gauni, na Anisia alikuwa amepiga picha ndani ya kikapu changu chekundu, akautoa wekundu ule, akauweka kwenye safu ya vidirisha vidogo vya rangi anayoiita paleti. Akanieleza mara tatu, nami nimechoka, mgongo unauma, umeme unakatika na kurudi. Nilichoshika ni hiki: kila picha inayopakwa inachota kwenye kidirisha kile, na uzi haukatiki. Ukigusa kidirisha, picha zote zinabadilika, hata za mwezi uliopita. Chungu chetu kilikuwa na huruma kidogo, ukindu ukishachovywa umeshajiondokea.

Siku mbili kabla ya kuonyesha, Anisia alifika kwenye sehemu ya jioni. Akataka gauni liwe na giza kidogo. Hakunakili paleti, aliingia humo humo akaukoroga ule wekundu mpaka akaridhika, akahifadhi, akafunga, akaenda kula. Aliporudi, msichana alikuwa amevaa jioni asubuhi, mchana, shuleni, bombani, kila mahali. Mwenzake wa kazi, Mkongomani mmoja mpole, akasimama nyuma yake na mikono kichwani. "Anisia, mama, robe, gauni ya mtoto, inakuwa sawa maini! Tunafanya namna gani?" Anisia analia, wekundu wa kwanza hakuuandika popote, na ile picha ya kikapu ameshaifuta. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasubiri kuwa mbuzi. Nikasikia neno maini, nikainuka kwenye kiti.

"Yoo, mjukuu wangu," nikamwambia kwa pua ya shangazi, "chota, changanyia kando." Akadhani namcheka. Nikamtuma bodaboda nyumbani akavichukue vikapu vyote viwili. Anisia akakifunua chekundu, akapiga picha tena, akautoa wekundu, akaurudisha kwenye kidirisha, na wasichana wote mia wakavaa asubuhi yao kwa mara moja. Nilitazama nikachoka zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, tulifundishwa, kumbe kuna mahali yanazoleka, ila ni baada ya watu wake kwisha. Halafu akanakili paleti yote, ile ya pili akaiita Jioni, akanigeukia. "Bibi, na hiki kingine rangi yake ni nzuri. Nani aliitengeneza?"

"Mimi," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza kulisema. Nikamsimulia yote, hata kiganja cha pili. Akafunua mfuniko wa kile cha maini, akapiga picha, rangi yake akaitia kwenye Jioni.

Katuni tuliitazama huko Nyarugusu kwenye shuka jeupe ndani ya ukumbi, Warundi na Wakongomani wamebanana kwenye mabenchi. Msichana akaamka na gauni jekundu la Kolotilda, akanawa mikono, akaenda shule. Jioni ikaingia, akarudi nyumbani amevaa maini yangu, na watu wote pale wakaona ni yule yule mtoto mmoja. Zamani kosa la viganja viwili lilimfuata mtu mpaka kaburini, siku hizi halifiki hata saa ya chai. Nikageuka nimkonyeze Kolotilda, niliyekuja naye moyoni. Kwenye benchi pembeni yangu palikuwa na mkoba wa mtu.