Kumpa Mkwe Mgongo

Kwa miaka ishirini na mitatu Mwatima hakuwahi kumpa mgongo baba mkwe wake. Akimpelekea chai Mzee Shaame sebuleni, huweka sinia mezani, huuliza kama sukari imetosha, kisha hutoka kiubavuubavu kama kaa mpaka aufikie mlango, na hapo ndipo hugeuka. Nyumba yao ya Woolwich ni finyu, na ile meza ya kioo aliyoinunua mumewe Miraji haina huruma na miguu ya watu. Mwatima ana makovu mawili kwenye muundi ya kuthibitisha hayo. Hakuna aliyemwamrisha. Ndivyo alivyomuona mama yake akifanya kule Wete, na bibi yake pia, naye akaja na adabu hiyo London pamoja na kanga zake za harusi.

Sasa mtu wa namna hiyo mpeni kazi ya kuongoza msafara wa baiskeli, muone.

Mwenyewe aliitaka, msidhani alisukumwa. Kwa miaka kumi na sita alisafisha ofisi za Siti, ule mji mkongwe ulio katikati ya London, akiingia kabla ya wenye suti kuamka na kutoka wanapoanza kumiminika. Basi la alfajiri lilikuwa na tabia ya kutokuja, na msimamizi hakuwa na tabia ya kusamehe. Alipotimiza miaka thelathini na minane akajiandikisha kwenye mafunzo ya bure ya baiskeli, bustanini, yeye na kundi la watoto wa skuli. Siku ya kwanza alianguka mara nane. Aliporudi nyumbani akichechemea, Mzee Shaame aliliangalia goti lake, akaiangalia baiskeli, akasema, "Mke wa mwanangu na baiskeli." Kisha akarudi kwenye redio yake. Hakukataza wala hakuruhusu, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo hilo. Neno lile lilimkaa Mwatima kooni kama mwiba wa changu kwa miaka minane.

Lakini baiskeli ilimfungulia mji. Akimaliza kupiga deki, badala ya kukimbilia nyumbani alipita vichochoro vya Siti, akisoma vibao vya ukutani neno kwa neno. Akaujua ukuta wa Warumi ulipobakia, akajua kanisa lipi liliungua na lipi lilisalimika, akawa anaazima vitabu maktaba na kuvisoma jikoni huku wali unakauka. Mgongo ulipoanza kumuuma kwa kuinama, alijiambia kwamba ndoo na mopu basi. Atakuwa mtembeza wageni, kwa baiskeli, katika mji ambao yeye ameufuta vumbi kwa mikono yake. Watu walicheka. Yeye hakuona la kuchekesha.

Kampuni aliyoiendea ilikuwa ndogo, ya mwanamke wa Kihindi aitwaye Bhavini, mzaliwa wa Nakuru, aliyeletwa Uingereza akiwa msichana na bado Kiswahili chake hakijaota kutu. Bhavini alimsikiliza akieleza habari za Siti kwa nusu saa nzima, akasema hajapata kusikia mtu anayeyajua mambo hayo hivyo. Ila alikuwa na sheria moja isiyopindishwa: kiongozi hukaa mbele, mwanzo wa safari hadi mwisho, kwa sababu wageni hufuata gurudumu lililo mbele yao kama kuku wanavyofuata mtama.

Jaribio la kwanza lilikuwa mwezi wa Machi, na lilikuwa aibu tupu. Miongoni mwa wageni walikuwamo mume na mke wazee. Kila kona Mwatima alijiweka pembeni akawaashiria watangulie, kwani utampitaje mtu wa umri ule? Wazee wakatangulia, wengine wakafuata, na walipofika mwisho wa safari watu walikuwa sita na kiongozi alikuwa wa sita. Bhavini alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Alimwambia atampa nafasi nyingine moja tu, mwezi wa Mei, kabla msimu wa wageni haujaanza. Aje na watu wake watano, maana chini ya watano si msafara. Akishindwa, kazi atapewa mwingine.

Kuteleza si kuanguka, Mwatima alijiambia. Kila mwisho wa wiki aliwatoa mwanawe Mahir na shoga yake Ibtisam wakafanye mazoezi, akawaongoza mitaani mpaka Ibtisam akalalamika kwamba amekuja Uingereza kutafuta maisha, si kutafuta misuli. Mwatima alikaa mbele bila taabu. Mtoto ni mtoto na shoga ni shoga, hao hata ukiwapa mgongo hawahesabu.

Siku ikafika, Jumapili, saa nne asubuhi, mbele ya kipande cha ukuta wa Warumi pale Tower Hill. Ibtisam alikuwapo na wenzake wawili kutoka Edgware Road. Mahir alikuwa njiani. Mtu wa tano alikuwa Miraji, lakini Miraji ni dereva wa basi, na alfajiri ile walimpigia simu aje kushika zamu ya mwenzake aliyeugua. Mwatima alikuwa akihesabu watu kwa jicho alipomuona Mahir anakuja anasukuma baiskeli yake, na nyuma yake, kavaa kofia yake ya kiua na juu yake ile kofia ngumu ya baiskeli ya Miraji, Mzee Shaame mwenyewe anasukuma baiskeli ya mwanawe.

Mahir alieleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba babu ndiye aliyetaka. Alisikia watu wamepungua, akavaa viatu.

Mwatima alimwamkia baba mkwe, akaitikiwa. Alifurahi na alitishika kwa pamoja, na hofu ilikuwa kubwa kuliko furaha. Bila mzee huyu hakuna msafara. Pamoja naye, ni nani wa kumtangulia? Bhavini, aliyevaa jaketi la manjano tayari kukaa mkia, alitazama saa yake.

Habari za ukuta alizieleza vizuri. Akapanda baiskeli, akapiga kengele, msafara ukaondoka. Hazikupita dakika mbili, miguu ikamsaliti. Alihisi macho ya mzee mgongoni, akahisi suruali yake, akahisi jinsi mtu anavyoonekana kwa nyuma akiwa juu ya kiti cha baiskeli, akapunguza mwendo. Mzee Shaame, ambaye ujanani aliimaliza Wete yote kwa baiskeli, akampita kwa raha zake. Penye njia panda Mwatima alikusudia kwenda kulia. Mzee akashika kushoto, akateremka kuelekea mtoni, na Ibtisam na wenzake na Mahir wote wakamfuata. Kiongozi akabaki nyuma anapiga kengele kama muuza barafu.

Walikusanywa tena baada ya robo saa. Bhavini hakupaza sauti. Alimsogelea Mwatima, akamwambia kwa Kiswahili cha Nakuru, "Hii ni Machi tena. Nikiona mara nyingine, tunarudisha baiskeli."

Wakasukuma baiskeli kwa miguu mpaka kwenye Mnara wa Moto. Mwatima alisimama chini ya ile nguzo ndefu ya kumbukumbu akasimulia: jinsi moto wa mwaka 1666 ulivyoanzia kwa mwoka mikate mtaa wa jirani, tanuri ambalo inasemekana halikuzimwa sawasawa, upepo ukachukua, nyumba za mbao zikashika moja baada ya moja, mji ukawaka siku nne. Nguzo ile ukiilaza chini, alisema, ncha yake itafika pale tanuri lilipokuwa. Ibtisam alifunga mdomo, jambo ambalo si la kila siku. Hata wapita njia wawili walisimama. Lakini Mwatima alijua kwamba kusimulia hakujawahi kuwa tatizo lake. Tatizo lilikuwa limeegemea baiskeli ya Miraji, mikono nyuma, linatazama juu ya mnara.

Angeweza kumtuma Mahir akamwambie babu yake akae nyuma. Angeweza kumwachia Bhavini amwambie kwa niaba yake. Yote mawili aliyafikiria, na yote mawili akayaona ni kujificha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaiegemeza baiskeli yake, akaenda akasimama mbele ya baba mkwe wake.

"Baba, n'naomba radhi," alisema. "Kuanzia hapa mimi n'natangulia, na wewe utafuata. Nitakupa mgongo mpaka kanisa la Mtakatifu Paulo."

Ibtisam aliinama kujifanya anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mzee Shaame alimwangalia Mwatima kwa muda ambao ungetosha moto kuunguza mtaa mwingine. Aliinua usukani, akaigeuza baiskeli, akaisukuma taratibu kupita kwa Mahir, kupita kwa wale wawili wa Edgware Road, kupita kwa Ibtisam, akasimama mwisho kabisa, mbele ya jaketi la manjano.

Mwatima hakujua kama hiyo ni radhi au hasira, na hakuwa na wakati wa kuuliza. Alipanda, akakanyaga pedeli, akaingia barabara ya Cannon katikati ya njia kama alivyofunzwa, mkono akaunyoosha kila alipotaka kupinda, sauti akaitoa kila penye taa. Mgongo wake uliwaka kama umeegemezwa jiko. Aliuacha uwake. Mara moja tu gurudumu lilimsogelea ubavuni na miguu yake ikataka kulegea kwa mazoea, naye akaikaza, akaongeza mwendo, akabakia wa kwanza. Kuba la Mtakatifu Paulo lilipochomoza mwisho wa barabara, aligeuza shingo kidogo akahesabu: wote wapo, mstari mmoja, mzee wa mwisho, anakanyaga.

Pale uwanjani mbele ya ngazi za kanisa aliwaeleza lililoungua na lililojengwa juu ya majivu yake, na alipomaliza, Bhavini alivua jaketi lake la manjano, akamkabidhi. Alimwambia aje Jumapili ijayo, wageni ni kumi na wawili. Ibtisam alilia kwa niaba ya wote. Mwatima hakulia, alilikunja jaketi vizuri, kingo kwa kingo, kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya.

Mzee Shaame alimsogelea wakati Ibtisam na wenzake wanarudisha baiskeli za kampuni. "Ule moto," alisema, "umeupeleka mbio. Mwoka mikate yule, hukutwambia alinusurika au alikufa."

"Alinusurika, baba."

"Basi siku nyingine useme." Akaondoka na mjukuu wake kwenda kutafuta treni.

Nyumbani, baada ya sala ya alasiri, Mwatima alipika chai ya tangawizi, akampelekea sebuleni. Redio ilikuwa inasema peke yake. Aliweka sinia mezani, akauliza kama sukari imetosha, akaambiwa imetosha. Mchana ule alikuwa amempa mzee huyu mgongo mbele ya London nzima, lakini London ni London na sebule ni sebule. Akaanza kutoka kiubavuubavu, akiikwepa meza ya kioo, mkono unapapasa hewa kutafuta mlango.

Mzee Shaame alipunguza sauti ya redio.

"Mwatima," alisema, bila kuinua macho kwenye kikombe. "Geuka, mwanangu, utazame unakokwenda. Utajikwaa."