Ngiri ya Kamanda

Mdogo wangu hachani nywele zake mwenyewe siku hizi. Namchana mimi, asubuhi, kabla sijanywa hata chai, naye amekaa kwenye kigoda ananihesabia, kwa sababu hajui kunyamaza mtu mwingine anapofanya kazi ya mikono. "Upande mmoja tayari, dada. Bado mmoja." Nimekuwa fundi cherehani miaka ishirini na sita, sijawahi kuhesabiwa na mtu. Lakini tumezaliwa tumbo moja, na nimechoka kubishana.

Wanafunzi wake wanamwita Kamanda. Si kwamba anafoka. Sauti yake ni ndogo. Ila akisema "nne, tatu, mbili," mwalimu mstaafu, muuza mboga na wake za watu wazito wote wanachuchumaa pamoja. Miaka minane amewafundisha wanawake mazoezi kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya duka la dawa, sakafu ya saruji, kioo ukuta mzima.

Kioo hicho ndicho kilichomchokoza. Alinyonyesha watoto watatu, wa mwisho mpaka akawa anaomba ziwa kwa sentensi kamili. "Nimebaki na soksi, dada," alikuwa akisema, nami namshonea sponji ndani ya fulana zake za kazi. Siku moja wakiwa wanaruka, sponji moja ilichomoka ikaanguka sakafuni mbele ya darasa. Aliipiga teke ikaingia chini ya benchi, wala hakupoteza hesabu. Jioni alinisimulia akicheka, kisha akalia. Mwezi uliofuata akaniambia anakwenda kufanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti. Nilimuuliza mara moja tu kama ana hakika. Shemeji, ambaye ni dereva wa malori ya mbali, alisema, "Mwili ni wako, mama watoto," akawasha gari akaenda zake. Kwa hiyo kufua, kuanika, kuteka maji na kuchana nywele kumeniangukia mimi.

Karatasi ya daktari tuliibandika ndani ya mlango wa kabati, mgeni asipofika. Wiki mbili za kwanza, kutembea tu. Wiki ya tatu na ya nne, miguu taratibu, bila kuhema. Mikono isipande juu ya mabega. Asisukume, asivute, asinyanyue kitu kizito, mpaka wiki sita zipite na daktari amkague mwenyewe. Vyuma na kuruka, baadaye zaidi, naye daktari ndiye atakayesema lini. Upande mmoja ukivimba au kupata joto, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Darasa aliliambia amepasuliwa ngiri ya kitovu. "Ngiri haina maneno, dada." Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Akanijibu kwamba yeye haendi mbali, ni wiki sita tu.

Walikuja kumwona, maskini ya Mungu, wakakaa ukingoni mwa kitanda wakamuuliza tumbo linaendeleaje. Anashika tumbo, anaugulia, na kifua ndicho kinachomuuma. Wakiondoka mimi ndiye nakosha vikombe.

Wiki ya nne ilikuwa bado haijaisha, mwenye ukumbi akapiga simu. Kuna kocha mwingine anazitaka saa zake. Jumatatu asipoonekana, basi. Kamanda alimpigia daktari. Daktari alisema aende, lakini afundishe kwa mdomo, na masharti ya ile karatasi yabaki vile vile.

Jumatatu nilibeba spika mimi, kwa kuwa yeye haruhusiwi. Alikaa kwenye kiti akasema, "Leo nahesabu, nyinyi mnafanya." Miguu ilikwenda vizuri. Nikaanza kufikiria gauni la mteja wangu ambalo bado halina mikono.

Ndipo mwalimu mstaafu, anayesimama mstari wa mbele daima, akainua kidole kama yuko darasani kwake.

"Kamanda, tumekubaliana. Tumbo lako lisiguswe. Usiiname, usichuchumae. Wewe tuonyeshe mikono tu, maana mikono haina ngiri."

Wakacheka wote. Muuza mboga akamletea vile vyuma vidogo, kimoja huku, kimoja huku, akamkunja vidole kwa upole avishike.

Kila kitu kingine mwilini mwake wangekitaka, angeweza kuwapa. Walitaka mikono, na walikuwa wanamwonea huruma. Akanitazama kupitia kioo. Nikisema neno, nimemuumbua. Nikinyamaza, atajichana kidonda kwa ajili ya adabu. Nilinyamaza. Sijajisamehe.

Vyuma vilipita kiunoni. Vikapita tumboni, vikafika kifuani. Kabla ya mabega vikasimama, na nikaona midomo yake imepauka. Akavishusha akavirudisha mikononi mwa muuza mboga.

"Sina ngiri," akasema. "Nimepasuliwa kifua."

Nilizima muziki. Mwalimu mstaafu alimsogelea, akainama, akauliza kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia.

"Saratani, mwanangu?"

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi. Angeitikia kwa kichwa tu, wangemlilia, wangemlindia saa zake mpaka mwaka uishe, na yule kocha mwingine asingethubutu kukanyaga pale. Mimi moyoni nilikuwa namwambia, kubali, mwanamke, kubali twende nyumbani.

"Hapana, mama," akasema. "Siumwi. Nilitaka tu yawe makubwa kidogo."

Mtu wa nyuma alicheka kwa pua. Wanawake wawili walichukua mikoba yao. Mmoja alipofika mlangoni akageuka. "Na mimi nilikuombea," akasema. "Kila siku, alfajiri."

"Nisamehe," akasema Kamanda.

Mwalimu mstaafu alibaki amejishika kiuno, anaangalia saa ya ukutani. Niliona amekasirika.

"Mikono hairuhusiwi mpaka lini?"

"Wiki mbili zaidi. Mpaka daktari aniangalie."

"Basi kaa chini." Akawageukia wenzake, akainua mikono yake mwenyewe, miaka sitini na minane, bega moja haliendi sawa na jingine. "Haya. Tuhesabie."

Kamanda alianzia nane. Kwenye tano sauti ikakatika, akaanza upya.

Tulirudi kwa miguu, spika begani kwangu, jua la saa nne linawaka. Wale wawili sidhani watarudi, na mwenye ukumbi atasikia kabla ya jioni. Tulipofika kona ya kwetu ndipo alipozungumza.

"Ungeniacha nivinyanyue vile vyuma, dada?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine. Mmoja wetu alikuwa ameshasema ukweli asubuhi ile.

"Ningekuacha," nikamwambia.

Alitembea hatua kadhaa bila kunitazama. Kisha akanyoosha mkono kushika upande mmoja wa spika, nami nikaupiga ule mkono kofi, akaurudisha.