Kashimo ka Telefone mu Nyumba ya Kulia

Niseme ile ya haya kwanza, kisha tupumue. Siku ya kufungua nyumba ya kulia ya soko yetu hapa Baraka, nyumba mi mwenyewe nilijenga, bantu balinikuta nimekamata kipande ya samaki mukeke ku vidole, nainyoosha mbele ya telefone, na mu telefone mulikuwa plafon tu, ile dari, ya chumba moja ya Amerika. Ninaiambia: "Kula basi kidogo." Plafon haikujibu. Kugeuka nyuma, soko muzima bananiangalia. Kama iko muntu mu Fizi yote aliisha kulisha plafon samaki, atokee, tufungue chama yetu.

Sasa nieleze ilifika namna gani.

Mi ni masoni, mujengaji. Masomo yangu iliishia ku ya tatu sekondere, pale mwalimu wa hesabu alianza kutia A na B mu hesabu. Nikaona bananidanganya: herufi ni ya Kifaransa, namba ni ya hesabu, kila muntu abakie kwake. Nikaenda kushika mwiko na nivo ya kupimia ukuta. Papa alilia, lakini choo yake nilijenga mi, na ingali imesimama.

Bamama benye kupikishaka ku soko, zamani balikuwa banapikia chini ya bashe ya plastiki. Mvua ikitoka ku ziwa, we mukulaji unashika sahani na mukono moja, bashe na mukono ingine, kinywa inabakia peke yake kutafuta bukari, ile ugali. Moshi inarudilia bamama mu macho. Na makala ya kupikia inatoka mbali sana, ju milima ya hapa karibu tuliisha kuinyoa. Njo bamama bakapatana na shirika moja kujenga nyumba ya kudumu, ya bantu bote, yenye haitakula musitu.

Enjenyere akakuja na plan kutoka Bukavu. Akasema tofali hatutachoma. Tunafinya udongo na sima kidogo, ile saruji, mu mashini ya mikono, tunaanika ku kivuli, basi. Mi nikacheka sana. Kwetu tofali ni ile iliingia mu moto, na tanuru moja inameza miti sawa vile ng'ombe ya Minembwe inameza majani. Nikamwambia: "Chef, mvua ya kwanza tu, hii nyumba tutaikunywa sawa uji." Nikachukua tofali moja, nikaizamisha mu ndoo ya maji asubui, bantu bote bashuhudie. Jioni nikaitoa. Ilikuwa ingali tofali. Mi njo nilikuwa nimelegea.

Bamama nabo bakaongeza yabo ku plan. Bakasema nyumba ikuwe ya muviringo, sawa lubunga. Lubunga ni ile kibanda ya Babembe, kuta fupi, wazi, wanaume ba familia banaikalaka mule, kila bibi analeta sahani yake, banakula pamoja. "Lakini safari hii," Mama Prezida wa soko akasema, "na sisi tunaikala. Tumebeba sahani inatosha." Muzee moja akauliza lubunga gani hiyo ya wanamuke. Akamujibu: "Ile utakulia, papa. Ama uende ukapike kwako." Muzee akakubali plan palepale.

Mi papa yangu alikulaka mu lubunga. Nilikuwa nabeba sahani ya mama, naionja njiani, nafika na sahani iko na alama ya vidole. Mule ndani hakuna muntu alikula yeye moja. Hata muntu hana bibi, hata hana samaki, mukono yake ilikuwa mu sahani ya wengine na hakuna mwenye aliangalia.

Mi sasa nakulaka na telefone.

Bibi yangu na batoto bako Amerika. Tulikimbiaka vita wote, tukafika mu kambi kule Tanzania. Hapa ilipotulia kidogo, nikawaambia: bakieni, mi naenda mbele kujenga nyumba yetu Baraka, kisha mutakuja. Nikajenga. Nilikuwa juu, nagongomea manjanja ya paa, misumari mu meno, telefone ikalia mu mufuko. Sikujibu ju ya misumari. Kumbe ni bibi, ananiambia jina yabo ya Amerika imetoka, banaenda. Karatasi yangu ya kubafuata ingali inatembea. Nazani inakuja na miguu. Nyumba iko na chumba ya wasichana na chumba ya wavulana. Nafagia yote mbili, sijue ju ya nini, ju hakuna mwenye anachafua.

Kila jioni, pale kwangu giza inaingia, kwao ni midi, saa sita, bibi ameamuka ju anatumika kazi ya usiku. Nasimamisha telefone, inaegemea sufuria, nakula, naye anakula. Siku moja telefone ikateleza, ikaingia mu mboga ya sombe, uso yote. Batoto balicheka siku ile mupaka nikatamani ianguke tena. Kesho yake nikaiangusha makusudi. Habakucheka vile.

Basi, mu kazi ya ile nyumba, nikafika ku ukuta ya upande wa Uvira, kaskazini. Pale rezo ya telefone iko muzuri kupita kwote soko. Sikukata shauri, nasema kweli. Mukono yangu tu iliruka tofali moja. Nikaacha kashimo mu ukuta, sawa kadirisha kasikopenya, nikakazungushia juu kidogo, nikakalainisha na kidole. Telefone inasimama ndani yake yenyewe, haiegemei kitu, sombe iko mbali. Ni ku urefu wa macho ya muntu mwenye kuikala.

Nikaenda kwa rafiki yangu seremala. Yeye njo alikuwa anatengeneza viti, ile mirefu ya kufuata muviringo ya ukuta. Nikamuambia:

"Pale upande wa Uvira unipigie kiti fupi. Ya muntu moja."

"Muntu gani?"

"Muntu tu."

Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akaniangalia mbele, akaniangalia nyuma. "Muntu tu," akasema. Akaenda kupima.

Alipoleta kiti na kwenda, nikajaribu kuikala. Upande mukubwa ukabakia wazi. Nikajishika mbavu. Nikasema eh, kweli nimekonda.

Kashimo kakaanza kuleta maneno mbele hata rangi ikauke. Siku ya kwanza, mama moja mukatoliki akafika na sanamu ya Bikira Maria na maua ya plastiki. "Asante masoni, ulitufikiria." Akaipanga mule vizuri. Papa moja mwenye mitumbwi ya kwenda Ubwari, mwislamu, akasimama mu mulango, akashika kiuno.

"Mama, toa. Huoni ile imechongwa namna gani? Na upande gani? Masoni anajua njia ya Maka. Ni pa kuswalia pale."

"Mu nyumba ya bukari, papa?"

"Bukari inakatazwa na nani?"

Mama ingine, wa Baprotestanti, alikuwa anaosha sufuria. Akasema bila kuinua kichwa: "Sisi hatukatai Mungu. Tunakataa kula tukiangaliwa na sanamu."

Ikawa kelele. Bote bananiita: masoni, masoni, sema ulijengea nani! Kila muntu ananikonyeza sawa tulipatana naye kwa siri. Mama Prezida akabaikalisha chini ku viti mupya, akanisimamisha katikati sawa mwizi wa kuku.

"We njo ulijenga. Kako kwa nini?"

"Ni... ya hewa, mama."

"Hewa inapita mu ukuta haikutoboka?"

"Kidogo kidogo."

"Masoni."

"Ni ya telefone, mama."

Bakacheka. Papa wa mitumbwi alicheka mupaka kofia ikaanguka. Hata mi nilicheka, ju ni kazi yangu hiyo, bantu bakicheka mi niko mbele. Kisha ule mama wa sufuria akauliza polepole: "Telefone ya kufanya nini?"

"Ju nikule na bibi yangu."

Kicheko ikapungua, sawa moto unaitolea kuni. Ile njo sikuzoea.

Mama Prezida akasema: "Hii nyumba ni ya bantu bote. Kintu ya muntu moja haina nafasi. Lakini tungoje siku ya kufungua. Tukiona kanasaidia, kabakie. Tukiona hapana, utakafunga na mikono yako. Tumeelewana, muana yangu?"

Tumeelewana. Nikamuambia bibi ku telefone: siku ile usinikoseshe. Ni saa yako ya kutoka ku kazi, ninajua, lakini ikala tu na mi, nimalize sahani moja. Akasema: "Papa ya batoto, nitakuwa." Na yeye akisema atakuwa, anakuwaka.

Siku ikafika. Nisifu kazi kidogo, hakuna mwingine atanisifia. Moshi ya majiko ilipanda mu bomba, ikaenda zake, bamama macho mweupe sawa bibi harusi. Upepo ya ziwa iliingia pale tuliachia nafasi kati ya ukuta na manjanja. Jua ilikuwa kali inje, ndani bantu bananyoosha miguu. Maji ya mvua ya juzi ilikuwa mu tanki, bantu bananawa mikono mara mbili mbili ju ya kufurahia kufungua robine tu. Viti ilijaa. Bale bazee ba lubunga baliikala kando ya bamama, banakula, wala hakuna mwenye alikufa.

Mi nikachukua sahani yangu: bukari, mukeke, sombe. Nikaenda ku kiti yangu. Mugongo yangu kwa bantu bote, uso ku ukuta. Nikatia telefone mu kashimo. Akapokea! Alikuwa angali na nguo ya kazi, kofia ya plastiki ku nywele, ameikala ku kitanda.

"Onyesha nyumba," akasema.

Nikazungusha telefone. "Unaona?"

"Naona. Eh, papa ya batoto, ni kubwa. Bale bote ni banani?"

"Bantu. Banakula."

"Na we uko na nani?"

"Niko na we."

Akasema: "Basi kula, nakuangalia." Akalala kwa ubavu, telefone juu ya mto. Nikaanza kula, namuelezea majiko, bomba, tofali ilishinda mu ndoo. Anasema "mmh." Naelezea tanki. "Mmh." Kisha picha ikageuka, nikaona plafon. Nikazani ameinuka kwenda kuangalia batoto. Nikangoja. Nikasikia anakoroma kidogo, ile yake, ninaijua.

Ningekata telefone. Muntu mwenye akili angekata. Lakini nilimuahidi sahani moja, naye aliniahidi. Nikaendelea kula, naangalia plafon. Iko nyeupe, iko na taa ya muviringo, ku kona moja maji iliingiaka. Kama mi njo ningekuwa kule, ningeisha kuitengeneza. Nikakata kipande ya tumbo ya mukeke, pale anapendaka, nikanyoosha. "Kula basi kidogo."

Njo pale nikageuka.

Mama Prezida alikuwa amesimama mugongoni. Alikuja kuangalia kashimo, sawa tulivyopatana. Hakucheka. Mi nilingoja bantu bacheke, nilikuwa tayari kucheka mbele yabo, kicheko ikakwama. Mama akatoa ile kipande ya samaki mu vidole yangu, akairudisha ku sahani. "Ukule we," akasema.

Nikasimama. "Nitakafunga kesho, mama." Nikaacha sahani nusu, mara ya kwanza mu maisha yangu. Jioni bibi akatuma sauti: "Papa ya batoto, nilisinzia, unisamehe. Naamuka nakuta telefone inaangalia juu. Kumbe uliacha bantu baangalie plafon yangu, na iko muchafu hivi?" Niliisikiliza, nikaisikiliza tena. Sikukula.

Kesho yake, saa ya kula, nikafika na udongo mu ndoo na mwiko. Nyumba ilikuwa na kelele sawa jana. Ku kiti yangu nikakuta seremala ameikala. Sahani mbele yake, bukari mukubwa ya kupita muntu moja, na kopo ya pilipili amesimamisha mu kashimo. Anatafuna.

"Ondoka kidogo," nikamuambia. "Nafunga."

Hakuondoka. Alisogea tu, na kando yake ikatokea nafasi, ile ile upande ulibakiaka wazi. Akapangusa mukono, akanionyesha kiti.

"Weka ile ndoo chini. We uliniomba kiti ya muntu moja, mi nikapima ya babili, nikakata, nikaleta, ukaikalia. We masoni muzima na nivo yako, haukuona? Bananiambia ulisema umekonda! Konda gani, na ile matako nayaangaliaka ukipanda ku echafo kila siku? Ikala. Bibi akiita, tunatoa pilipili, tunamusalimia sisi babili. Lakini nakuambia mbele: mi nikikula, naongeaka sana."