Sangari na Jembe la Kwanza

Sangari, ile nyasi sugu itambaayo kwa mizizi, ililetwa shambani kwangu na plau. Mwaka wa pili baada ya uhuru, mume wangu alikodi ng'ombe na plau kutoka ng'ambo ya mto, akajisifu kwamba amenipunguzia kazi. Plau lile lilikuja na vipande vya mizizi, likavizika vizuri, na kila kipande kikaota. Baada ya majuma machache mtama wangu ulikuwa umezama katika nyasi, na ghala la nyumba yangu halikuwa na tegemeo lingine.

Ningepalilia siku ile ile. Lakini mimi si Mjaluo, ni mtu wa Kegonga; nilikuwa nimeolewa kwa Wajaluo karibu na Homa Bay, na huko mke wa mwana hapalilii kabla ya mama mkwe kuanza. Mama mkwe alikuwa amesafiri kwenda Sindo, akimtunza bintiye aliyejifungua. Nilikasirika sana: nilikasirikia desturi, nikakasirikia plau, hata kale katoto kalikozaliwa bila kujali mtama wangu.

Mwishowe niliingia shambani kimyakimya. Nilipalilia katikati tu, nikaacha ukanda wa sangari pande zote ili mpita njia adhani shamba halijaguswa. Mizizi niliianika mwambani, kisha nikaichoma jikoni kidogo kidogo.

Mama mkwe aliporudi alipumzika siku moja, akaja na jembe lake. Alilima pembeni, akasogea, akatokea katikati. Mtama ulimfika kiunoni. Akasimama. Kama angenitangaza, kila ugonjwa wa mji ule ungesemwa umeletwa na mwiko niliouvunja.

Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili cha sokoni.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "hii ni mbuzi gani inakula sangari mpaka mizizi?"

Majirani wawili walikuwa wakipita na mitungi. Akawapazia sauti kwa Kijaluo, nami nilielewa kila neno: leo ameanza kupalilia, na mke wa mwanawe sasa anaweza kumfuata.

Nilikaa palepale kwenye sangari, nikacheka huku nalia kwa furaha. Aliwangoja wale majirani wapite, akanivuta mkono nisimame.

"Mwaka kesho," akanong'ona, "nikitaka kwenda Sindo, nitapiga jembe ya kwanza ndio niende."